Saa Mbili za Tunduma

Nilichora saa ubaoni, mshale mfupi kwenye nane na mrefu kwenye kumi na mbili, nikauliza: "What time is it?" Msichana wa dawati la tatu akasimama, akanyoosha mgongo, akajibu kwa sauti safi: "It is two o'clock, madam." Darasa likaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilikiacha kicheko kile mpaka kikaisha chenyewe. Kisha nikamwambia akae, nikamwita mwingine.

Ilikuwa mwaka 2009, muhula wa kwanza, katika shule ya kata pale Tunduma. Siku hizo mji ulikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuja baadaye, mwaka 2016. Kosa la yule binti kila mwalimu wa Kiingereza nchini analijua. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, Waingereza wanahesabu tangu usiku wa manane, na mtoto akiiona saa mbili asubuhi anaihamisha namba ilivyo. Nilimwekea alama ya mkasi kwenye daftari, nikaendelea na somo.

Jumamosi nilivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kununua kitenge. Msomaji asiyeijua Tunduma ajue kwamba hiyo na Nakonde ni miji miwili kwa karatasi tu. Wanyamwanga wako huku na wako kule, shangazi yuko Zambia na mjomba yuko Tanzania, na asubuhi watu wanavuka kwa miguu kama wanaokwenda kuteka maji kwa jirani. Ila ukishavuka, saa inabadilika. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja nzima. Unaondoka Tunduma saa tatu, unatembea dakika chache, unafika Nakonde saa mbili na dakika chache.

Nikamwona yule binti amesimama nyuma ya magunia ya mchele wa Kamsamba, kibaba mkononi, mama yake pembeni anahesabu noti. Kwacha ilikuwa ile ya zamani, kabla Zambia haijaikata sifuri tatu mwaka 2013, kwa hiyo bei zilitajwa kwa maelfu. Akaja mama mmoja wa Kizambia, akauliza kwa Kibemba, "Ni shinga?" Binti akamtajia bei kwa kwacha, akamgeukia mama yake akamtajia ileile kwa shilingi. Mteja akasema kwa Kiingereza kwamba anakwenda sokoni kwanza, atarudi kuchukua gunia. Saa ngapi watakuwa bado wapo? Na mwanafunzi wangu, yule wa "two o'clock", akamjibu bila kusita kwamba aje kabla ya "ten hours" za Zambia, kwa sababu ikifika "eleven hours" za Tanzania gari lao linaondoka.

"Ten hours" ndivyo wasemavyo Wazambia. Alikuwa amebeba kichwani saa tatu tofauti: ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya ng'ambo. Nilijificha nyuma ya kibanda cha mitumba. Niliona aibu hata ya kupokea shikamoo yake.

Nimeishi na asubuhi ile zaidi ya miaka kumi na mitano sasa. Kila ninapoalikwa kwenye semina, mwezeshaji akasema kwamba watoto wetu hawana hamasa ya kujifunza lugha, huwa namwona yule binti na kibaba chake. Hamasa alikuwa nayo tele. Aliiacha getini kila asubuhi, kwa sababu sisi ndani ya geti tulikuwa hatuihitaji.

Baba yangu aliwahi kuniambia kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mwalimu. Alifanya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilipokuwa inapanda kuja mpakani. Baba hakumaliza darasa la nne, lakini mpaka anafariki aliweza kuhesabu kwa Kichina kutoka moja hadi kumi, na alijua kuomba nyundo, kuomba maji, na kumwambia mtu ajihadhari na kinachoanguka. Wachina nao walijua kusema "taratibu" na "haraka" na "pole". Sisi watoto tulimwomba atuhesabie, naye alikuwa anahesabu huku akiinua mkono na kuushusha, yi, er, san, kama bado ameshika nyundo. Nilimuuliza nani aliwafundisha. Akashangaa swali. "Nani atufundishe? Chuma kilikuwa kizito."

Mimi nilifundishwa kwa njia nyingine. Shule ya bweni niliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na daftari. Kiranja aliandika humo jina la kila aliyesikika akisema Kiswahili, iwe darasani, bwaloni au kisimani, na Ijumaa majina yalisomwa mstarini. Niliitwa mara mbili katika wiki zangu tatu za kwanza. Sikuitwa tena, na walimu walidhani nimeshakijua Kiingereza. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza. Kwa miaka minne sikuuliza swali hata moja kwenye fizikia, wala kemia, wala jiografia. Nilikuwa nakariri maelezo ya mwalimu usiku kwa tochi, neno kwa neno, mengine bila kujua maana yake, nikayatapika kwenye mtihani. Baadaye chuoni nilisoma Decolonising the Mind, kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha mwaka 1986, anapoeleza jinsi watoto wa shule Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa na kufedheheshwa kwa kusema Kigikuyu. Nilikifunga nikalia. Ngũgĩ alikuwa anasimulia utawala wa mkoloni. Mimi nilikuwa nimezaliwa katika Tanzania huru.

Na bado, nilipopewa darasa langu Tunduma, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kununua daftari na kumkabidhi kiranja. Nilimpenda yule kiranja kwa uaminifu wake. Daftari lilijaa kabla ya Pasaka.

Jumatatu baada ya Nakonde nililichukua, nikalitia jikoni shuleni chini ya sufuria la maharage. Kisha nikachora ubaoni saa tatu badala ya moja. Ya kwanza nikaandika juu yake "Nyumbani", ya pili "Darasani", ya tatu "Nakonde". Nikamwita yule binti aje aongoze kipindi. Alitazama chini kwa muda mrefu sana. Halafu akachukua chaki. Kufikia kengele, darasa zima lilikuwa linagombea kutoa mifano: basi la Mbeya linaondoka saa ngapi, treni inapita saa ngapi, taarifa ya habari ya Lusaka inasikika saa ngapi kwenye redio ya nyumbani. Waligombea kwa Kiingereza kibovu, cha kuvunjikavunjika, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha ilinibidi niombe watu wapunguze kelele.

Tuwe wakweli kuhusu mzigo tunaowatwika watoto hawa. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto anasoma miaka yote ya msingi hesabu ni hesabu na sayansi ni sayansi, halafu anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili yamegeuka Kiingereza. Anapewa wiki chache za kozi ya kuvuka daraja, na daraja lenyewe halijajengwa. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee mpaka sekondari, kuanzia 1985, lakini Serikali haikukubali. Mjadala huo ni mrefu na nina upande wangu, lakini mwalimu aliye darasani kesho asubuhi hawezi kusubiri uishe.

Na Songwe mzigo una safu nyingine chini yake. Lugha ya pili, tunasema. Nilikuwa na mvulana aliyetoka bonde la Momba, ng'ambo ya Kamsamba, amefikia kwa baba yake mdogo mjini. Kwao walizungumza Kinyamwanga. Kwa majirani alisikia Kiwanda, lugha ya Wawanda, na Kisukuma cha wafugaji walioshuka na ng'ombe wao. Kiswahili alikipata shuleni. Kiingereza kwake kilikuwa cha tano, na kila fomu ya wizara niliyoijaza ilinitaka niandike kwamba anajifunza lugha ya pili. Alikaa darasani mwangu mihula miwili bila kusema neno. Nikimwita anasimama, anatazama dirishani, anasubiri nichoke. Nilimfahamu vizuri mno. Alikuwa mimi.

Nilijaribu mambo mengi, mengine hayakuzaa kitu. Zawadi za kalamu na madaftari ziliwaamsha walewale watano waliokuwa macho tayari. Klabu ya mdahalo ikawa uwanja wa watoto wa maofisa. Nilifikiria kuwatuma wanafunzi wakazungumze na madereva wa malori. Barabara ya Tanzam ilikuwa imejaa foleni kurudi nyuma hadi Chapwa na Mpemba, semitrela zinakwenda Zambia na Kongo, madereva kutoka Zimbabwe na Afrika Kusini wamekaa siku nyingi bila mtu wa kuongea naye. Kiingereza hai kilikuwa kinachemka kando ya lami. Nikaacha. Mama yeyote wa Tunduma ataelewa kwa nini mwalimu hawezi kumtuma msichana wa miaka kumi na minne kwenye maegesho ya malori, hata kwa kazi ya darasani. Badala yake tuliwaleta wageni shuleni mmoja mmoja, mchana, mbele ya darasa zima: wakala wa forodha, dereva mzee, muuguzi kutoka Nakonde. Dereva yule alisoma nasi sura ya Hawa the Bus Driver, kitabu kidogo cha Richard Mabala ambacho wanafunzi wa vidato vya chini walikuwa wanakisoma, akabishana na kitabu. Alisema wanawake hawawezi kuendesha gari la abiria safari ndefu. Wasichana walimjibu. Sarufi iliumia sana siku hiyo, na sikusahihisha chochote.

Lakini kilichobadilisha darasa kuliko yote kilitokana na neno moja la Mwalimu Nyerere.

Niliazima nakala ya Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice. Sikuwa na nia kubwa. Nilitaka waone kwamba mtu wa Butiama, mwana wa kijijini kama wao, alisimama kati ya lugha mbili bila kuinamia yoyote, na kwamba kazi hiyo aliifanya akiwa Rais, kama alivyoifanya kabla yake kwa Julius Caesar. Nikaandika majina mawili ubaoni, la Kiingereza na la Kiswahili. Msichana wa mchele akanyoosha mkono. Akauliza, kwa Kiswahili, "Madamu, merchant si mfanyabiashara? Kwa nini ameandika bepari?"

Nikawaambia ni mwaka gani. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Nikawaeleza bepari alikuwa nani katika nchi ya wakati ule. Ukimya ukatanda, ukimya wa aina nyingine. Halafu mmoja akasema, "Kwa hiyo mama zetu ni mabepari?"

Vipindi vitatu vilikwisha hapo. Huu ni mji ambao karibu kila mtoto analishwa na biashara: mchele, vitenge, sukari, kubadilisha fedha, hata chikanda, vile viazi vya okidi vinavyochimbwa kwenye milima yetu na kupelekwa Zambia wanakovipenda. Nikaweka sharti moja. Atakayemtetea mama yake au kumtetea Mwalimu aifikishe hoja yake mwisho kwa Kiingereza, ila njiani aruhusiwe kupita Kiswahili, Kinyiha, Kinyamwanga, popote. Wakaanza kwa Kiswahili. Wakaulizana maneno. "Faida" ni nini kwa Kiingereza? "Kulangua" je? Tulitafuta "kulangua" kwenye kamusi tukalumbana na kamusi. Mtoto mmoja aliandika ukurasa mzima kuthibitisha kwamba mama yake, anayebeba debe moja moja kichwani, hawezi kuitwa jina moja na mtu mwenye meli Venisi. Ulikuwa na makosa thelathini na kitu. Ni insha bora kuliko zote nilizopata kusahihisha.

Mkubwa mmoja wa idara alipita dirishani, akaniita baadaye. Aliuliza Kiswahili kinatafuta nini kwenye kipindi cha Kiingereza. Nilimjibu kwa adabu kwamba kinatafuta Kiingereza. Hakuridhika, na sikumlaumu. Yeye alihesabu matokeo, na matokeo hayapimi nilichokuwa nakiona. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika tu. Mtoto anaweza kusema vizuri kuliko mwalimu wake asipate hata alama moja kwa hilo, na watoto wanalijua hilo mapema kuliko tunavyodhani. Nilikuwa na kijana aliyeacha shule kidato cha tatu akawa utingo wa Fuso. Nilikutana naye mwaka uliofuata akiwatafsiria mafundi wawili wa Lubumbashi kwa dereva wa Harare. Alikuwa anaruka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kama mtu anayeruka mfereji wa nyumbani kwao. Kwenye orodha ya shule yetu jina lake lilikuwa na neno moja tu mbele yake: mtoro.

Baada ya mabepari ndipo zikaja barua. Mwalimu mwenzangu wa shule ya Nakonde, niliyekutana naye kanisani, alilalamika kwamba wanafunzi wake wanasema Kiingereza ila kuandika wanaona adhabu. Nikamwambia wangu ni vilevile, na kusema pia. Tukakubaliana kila mtoto apate mwenzake ng'ambo. Stempu hazikuhitajika. Mama wa mchele alizibeba asubuhi ndani ya mfuko wa nailoni juu ya gunia, akarudi na majibu jioni. Alikataa senti. Alisema tu tusiandike mambo ya kumfungisha forodhani.

Barua za kwanza zilikuwa maiti. Jina langu ni fulani, napenda ugali, wewe je. Nilidhani tumeshindwa. Kisha watoto wa Nakonde wakaanza kuomba malipo. Walikuwa wanasikia Kiswahili sokoni kila siku, wanakielewa nusu, wanaonewa kwenye bei; wakataka wafundishwe. Kila barua ikaja na maswali. Kwa nini mnasema kitu kimoja lakini mtu mmoja? "Poa" na "pole" ni ndugu? Na wanafunzi wangu, ambao kwa Kiingereza walikuwa maskini wa mwisho, wakajikuta matajiri. Walitakiwa kueleza ngeli kwa Kiingereza kwa mtu asiyezijua. Jaribu wewe uone. Walikuja ofisini wakati wa mapumziko kuuliza neno, sijawaita. Walirudia barua mara tatu, kwa sababu mtoto halisi mwenye jina halisi angeisoma kesho saa nne, saa tatu ya kwao. Serikali ilipokuja kujenga kile kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa mwaka 2019, na nchi za SADC zikakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka huohuo, nilifurahi kwa moyo wote, ila nilisema kimoyomoyo kwamba mfuko wa nailoni ulitangulia.

Yule mvulana wa bonde la Momba alipewa mwenzake kama wengine. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Ya pili mitatu. Iligundulika kwamba mwenzake ni Mnyamwanga pia, na shuleni kwao anasomeshwa Kibemba, akiwa kama yeye, mtoto anayeishi katika lugha za watu wengine. Sijui walichoambiana kuhusu hilo, maana sehemu hiyo waliandikiana kwa Kinyamwanga, na mimi ni Mnyiha, niliiacha ipite.

Siku moja mwezi wa tisa akanijia mezani wakati wenzake wametoka kwenda uwanjani. Alikuwa ameshika barua iliyotoka ng'ambo. Mwenzake amejitahidi kuandika sentensi nzima ya Kiswahili: "Mimi iko na dada mbili." Mwanafunzi wangu alikuwa ameshaandika jibu kwa penseli, na ameishia kwenye neno moja.

"Madamu," akasema. Sauti yake sikuwa naijua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoitarajia. "Nimeandika kwamba ni 'wrong'. Lakini akisoma hivyo, si ataacha kuandika?"

Nikamuuliza yeye angependa aambiweje.

Akafikiri. Akaniuliza Kiingereza cha "karibu", siyo karibu ya kumkaribisha mgeni, ile ya mtu aliyebakiza kidogo afike. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Alikisoma kwa midomo bila kutoa sauti, mara mbili. Akarudi kwenye dawati lake, akafuta kwa uangalifu ili karatasi isichanike, akaandika: "Almost."

Kisha akaendelea kuandika, na nje kengele ikagonga, na hakuisikia.